Barabara Isiyo na Honi



Mjomba, uliniuliza kwenye simu kama ni kweli kwamba huku watu wenye magari yao huamka Jumapili, wakayaacha uani, wakapanda baiskeli kwenda mahali wasipokuwa na shughuli yoyote. Ulicheka, na nikacheka nawe. Lakini swali lako lilibaki kichwani, kwa sababu kwetu Nachingwea baiskeli haijawahi kuwa mchezo. Ni gunia la mihogo kwenye keria, mgonjwa anayepelekwa zahanati, dumu la maji mbele na mtoto nyuma. Kwa hiyo nimeona nikujibu kwa barua, na wasomaji wengine nao wasikie.

Ni kweli, Mjomba. Nami nimekuwa mmoja wao, ingawa gari la kuliacha uani sina.

Ninaishi Dijon, mashariki mwa Ufaransa, mji wa haradali. Unapita hapa mfereji wa Bourgogne, wenye urefu wa kilomita 242, unaounganisha mto Yonne, ambao maji yake huishia kwenye mto wa Paris, na mto Saône, unaoteremka kuelekea Lyon na bahari ya kusini. Nia ilikuwa mizigo ivuke nchi kwa maji, isizunguke Hispania yote baharini. Kazi ilianza 1775, ikasimama wakati wa Mapinduzi, na mfereji mzima ukafunguliwa 1832.

Kati ya mito hiyo miwili kuna vilima, na maji hayapandi kilima. Wakajenga ngazi: vyumba 189 vya mawe, kila kimoja na malango mbele na nyuma. Chombo kinaingia, lango la nyuma linafungwa, maji yanajazwa, chombo kinainuka polepole mpaka kiwe sawa na maji ya juu, kisha lango la mbele linafunguliwa. Kando ya malango kuna kijumba cha mlinzi wake, na ukutani kibao chenye namba ya lango na umbali wa kufika linalofuata. Karibu na Pouilly-en-Auxois kilima kiliwashinda kwa ngazi, wakakitoboa. Handaki lile lina mita 3,333 na ndani yake hamna njia ya miguu. Sisi wa baiskeli tunapita juu yake, mashua zinapita chini yetu gizani.

Njia ya ukingoni tunayopita haikutengenezwa kwa ajili yetu. Mashua za zamani hazikuwa na injini. Zilikokotwa kwa kamba kutoka ukingoni, na aliyekokota ni farasi, nyumbu, au binadamu mwenyewe na mke wake na watoto wake, mshipi umewapita kifuani. Aliyekokota alihitaji ardhi tambarare na imara, isiyokatizwa na kitu. Ndiyo maana leo unaweza kupiga pedali asubuhi nzima katika bonde la Ouche, na mwinuko ukauona pale tu unapofika kwenye malango, hatua chache za kupanda, kisha tambarare tena. Kushoto maji, kulia ng'ombe weupe wa Charolais wanaokutazama kana kwamba wanakudai. Korongo wa kijivu amesimama kwenye matete, hajali. Unasikia cheni yako inavyozunguka, na kama imekauka mafuta utajua mapema.

Sasa sikiliza jambo lililonishangaza. Mfereji ule uliojengwa kwa zaidi ya nusu karne haukupata miaka ishirini ya raha. Mwaka 1851 treni kutoka Paris ilifika Dijon, na mizigo ikaanza kuhama. Mwaka 1879 serikali ilijaribu kuiokoa mifereji kwa kupitisha kipimo kimoja cha malango kwa nchi nzima, urefu mita 39 na upana mita 5.20. Ilisaidia kwa muda. Baadaye malori yakaja, na matishari ya mizigo yakaondoka kwenye mfereji huu. Wanaopita leo ni watalii na wastaafu walionunua mashua za kulala ndani.

Kwetu tungesema mradi umekufa. Hapa mradi ulikufa, lakini ardhi yake haikugawanywa. Mfereji na kingo zake ni mali ya umma, na tangu 1991 unasimamiwa na shirika la serikali liitwalo Voies navigables de France. Reli zilizokufa nazo zilipata bahati hiyo. Kusini mwa hapa, kati ya Givry na Cluny, walichukua tuta la reli iliyoachwa, wakaling'oa vyuma, wakaweka lami nyembamba, na mwaka 1997 wakalifungua kwa waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Ndiyo njia ya kwanza ya aina hiyo nchini. Mwaka 2004 njia za aina hiyo zikaingizwa kwenye sheria ya barabarani: chombo chenye injini hakiruhusiwi kupita humo. Hapo ndipo honi ilipokwisha, Mjomba, kwa sheria iliyoandikwa.

Ukitoka kwenye mfereji unaingia barabara za vijijini. Ni nyembamba, hazina mstari katikati, na kwenye ramani za Michelin zile ndogo kabisa huchorwa kwa rangi nyeupe. Lami yake ni nzuri kuliko ya baadhi ya barabara zetu kuu. Gari likija nyuma, dereva lazima aache mita moja na nusu akikupita nje ya mji, na mara nyingi anasubiri nyuma ya kona mpaka aone mbele. Usidhani ni ustaarabu wa kuzaliwa. Sheria ipo, faini ipo, na dereva mwenyewe huenda kesho atakuwa juu ya baiskeli. Sheria hiyohiyo inakubana na wewe. Baiskeli haikusamehi kipimo cha pombe, na katika nchi hii ya mizabibu neno hilo lina uzito wake. Usiku nje ya mji unavaa fulana inayong'aa. Vuli, msimu wa wawindaji, mwenye busara huivaa hata mchana.

Lakini nisikusimulie raha tupu. Utulivu huu una upande ambao kadi za posta hazionyeshi. Barabara ni tupu kwa sababu vijiji navyo vimepungukiwa na watu. Unaingia kijijini saa saba mchana na hukuti hata mbwa. Duka la mikate limefungwa, na huenda halitafunguliwa tena. Badala yake pamesimama mashine kando ya barabara, unatia sarafu, inakutemea mkate mrefu. Maji yakikuishia, wazoefu watakwambia nenda makaburini, maana huko daima kuna bomba la kumwagilia maua ya marehemu. Mara ya kwanza mwili ulinisisimka. Kwetu nani angeingia makaburini na chupa mkononi kutafuta maji ya kunywa? Sasa nawasalimia wenyewe, nasoma kama kuna kibao kinachokataza maji yale yasinywewe, najaza, naondoka.

Na katikati ya karibu kila kijiji liko jiwe lenye majina ya waliokufa vita vya 1914 hadi 1918. Ukoo mmoja unaweza kutajwa mara tatu, mara nne, katika kijiji ambacho leo unahesabu nyumba zenye madirisha wazi kwa vidole. Mimi husimama kuyasoma, kwa sababu vita hiyohiyo ilifika kwetu. Mahiwa, Oktoba 1917, si mbali na kwako, walipigana Waingereza na Wajerumani, na mizigo ya pande zote mbili ilibebwa na watu wetu. Wapagazi wale wengi hawana jiwe.

Nimefika kwenye neno langu. Wewe uliiona reli ya karanga ukiwa mtoto. Waingereza walianza mradi ule wa kulima karanga 1947, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja hadi Nachingwea, mradi wenyewe wakauacha 1951 kwa sababu karanga zilikataa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Tuta lake lilikuwa limechongwa kwa mwinuko ambao treni ingeuweza, yaani mwinuko ambao mtu mwenye gunia kwenye keria angeuweza pia. Ufaransa ilipata njia zake kwa namna hiyohiyo: mradi wa kibiashara ulioshindwa, na serikali iliyokataa kuiachia ardhi ile ndefu na nyembamba. Haikuhitaji kutengeneza tambarare mpya. Ilihitaji daftari la ardhi, mkokoteni wa kokoto na kifungu kimoja cha sheria.

Sisemi tujenge njia za wastaafu kutalii. Huku mpanda baiskeli anatafuta hamu ya chakula. Kwetu anatafuta chakula chenyewe, na ndiye anayesukumwa kwenye changarawe kila lori la korosho linapopita. Kama nchi inaweza kumpa njia salama mtu anayetembeza mwili wake Jumapili, basi anayebeba mihogo siku sita anaistahili zaidi.

Kwa hiyo, Mjomba, kikao cha kijiji kikikaa, wewe ni mzee na watakusikiliza. Waulize mambo mawili. Kwanza, pale tuta lilipobaki ni mali ya nani kwenye karatasi? Pili, barabara yetu ikija kupanuliwa, mita moja na nusu ya baiskeli pembeni imo kwenye mchoro au haimo? Majibu yakipatikana niandikie, nami nitayachapisha hapahapa.