Krismasi Kijijini: Watoto Walale Pakavu

Desemba familia nyingi hurudi Bukoba na Muleba, mvua za vuli bado zikinyesha. Nyumba hujaa wageni, watoto hutandikiwa chini.

Mzazi, sakafu ya saruji ina baridi. Tanguliza mkeka, ndipo godoro, shuka na blanketi. Godoro la sponji hunyonya unyevu. Jua likitoka, lianike. Mtoto akikojoa usiku, mbadilishe nguo na shuka papo hapo, maana nguo mbichi humpotezea joto. Usiingize jiko la mkaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua.

Chandarua usikisahau. Utafiti uliofanyika Muleba ulisaidia Shirika la Afya Duniani kupendekeza, mwaka 2017, vyandarua vya PBO dhidi ya mbu waliozoea dawa. Kichomeke chini ya godoro pande zote.