Mashine za Senti Moja za Columbus

Mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, wasomaji wetu wengi wanaujua kwa sababu ya jamii yake kubwa ya Wasomali, ambao baadhi yao walipitia Kenya na wanazungumza Kiswahili. Wakusanyaji wa vitu vya kale wanaujua kwa jambo jingine. Mapema katika karne ya 20, kampuni ya Columbus Vending ilitengeneza hapa mashine za kuuzia karanga na chingamu kwa sarafu ya senti moja.

Tulizikuta sokoni zimepangwa mezani: kitako cha chuma, tufe la kioo juu yake na mpini mdogo mbele. Mwenyeji wetu, ambaye huzikusanya, hutazama kioo kwanza, maana ndicho huvunjika upesi. Rangi mpya inayong'aa haimvutii. Huitafuta ile ya awali, hata kama imebanduka.

Sisi kilichotushughulisha kilikuwa tumboni mwa mashine. Sarafu ikiingia, mpini huachiwa na kuzungusha gurudumu lenye vishimo, na kila kishimo hubeba karanga chache hadi mlangoni. Katika baadhi ya mashine mwenye ufunguo aweza kukipunguza kipimo hicho, na mtoto aliye nje asijue. Tuliikumbuka Sura ya Al-Mutaffifin.

Kando yake palikuwa na mashine yenye picha za matunda. Muuzaji alidai nayo ni ya chingamu, na hakusema uongo. Sheria zilipoibana kamari, watengenezaji waliifanya mashine itoe chingamu ili mchezo uitwe biashara, na matunda yale yakawa ladha zake. "Hii siiingizi nyumbani, ndugu zangu, hata ikiwa mbovu," alisema mwenyeji wetu.

Tulitofautiana kuhusu zile za vichezeo, ambazo mtoto hulipa bila kujua atapata kipi. Yeye alisema kila anayelipa hupata kitu. Sisi tuliona kuwa mtoto hulipia kile alichokitamani pichani, na kwamba hilo liko karibu mno na maysir. Mjadala uliendelea hadi adhana ya adhuhuri ilipolia kwenye simu yake.

Alinunua ya karanga, yenye ufunguo wake. Jioni aliisafisha na kuijaza, akawapa watoto senti, nasi tukahesabu zilizotoka: saba, kisha nane, kisha saba.