Mkasi wa Mwenye Nyumba

Katika miaka niliyofundisha Biolojia chuo cha ualimu, swali moja la wanachuo halikukoma: je, kirusi cha surua kina vimeng'enya katika utando wake wa nje? Swali hilo dogo limenifikirisha hadi uzeeni.

Kirusi cha mafua makali kina kimeng'enya katika utando wake, nacho hukisaidia kujinasua kwenye seli kinayoiacha. Cha surua hakina kimeng'enya hicho. Utando wenyewe kimeumega kwenye seli kilimotokea. Juu yake zimechomoza protini za aina mbili. Ya kwanza hushika seli mpya. Ya pili huunganisha utando na seli hiyo, kirusi kikaingia. Lakini hii ya pili haifanyi kazi mpaka ikatwe vipande viwili, na anayeikata ni furini, kimeng'enya cha seli zetu sisi. Mgeni amevaa nguo yetu, na mkasi ni wetu pia. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1958 surua ilimchukua mdogo wangu wa kike. Wengine pale kijijini walipona, kisha wakafa kwa kuhara au kichomi, nasi tukadhani ni balaa jingine. Mwaka 2019 wataalamu walionyesha kwamba surua hufuta sehemu ya kingamwili ambazo mtoto amekwisha kujipatia dhidi ya maradhi mengine. Huiba hata baada ya kuondoka.

Hata hivyo, mwizi huyu habadilishi sura. Mwaka 1954 kirusi kilipatikana kwa mwanafunzi mmoja karibu na Boston, Marekani. Chanjo nyingi za leo zimetokana nacho, na bado zinakinga, kwa kuwa protini ile ya kushika seli haijabadilika kiasi cha kutupotea.

Basi mzazi akiniuliza dozi ya pili ya nini, humjibu kwa hesabu. Katika watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, takriban 15 hawapati kinga. Hapa Tanzania ya pili hutolewa katika miezi 18, kwa ajili ya hao. Mkasi hatuwezi kuutupa, maana mwili unauhitaji kwa kazi nyingine. Tulichonacho ni mlango, nao hufungwa kabla mgeni hajabisha.