Kikorea Katika Baridi ya Plateau



Ndugu wasomaji, na hasa kina mama, hivi karibuni nilitoka Mombasa kwenda kumjulia hali dada yangu aliyeolewa Plateau, kusini-mashariki ya mji wa Eldoret. Nchi ile iko juu, zaidi ya mita 2,000, na sisi watu wa pwani tukifika huko hatuvui sweta. Mashamba ya mahindi na ngano yametandaa kila upande, na reli ya zamani, iliyofika Eldoret mwaka 1924, ingali inapita hapo.

Dada alinipokea kwa malalamiko kabla ya chai. "Kaka, zungumza na mpwa wako. Kutwa yumo katika simu anajifunza Kikorea. Nachelea atapoteza dini yake."

Sikutaka kuhukumu nisilolijua. Baada ya swala ya Isha nilimwita binti, nikamwambia, "Mwanangu, hebu nisomeshe na mimi." Alicheka, kisha akaleta daftari.

Akanieleza kwamba zamani Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina, ambazo mtu wa kawaida hakuziweza. Mfalme wao Sejong akabuni herufi mpya mwaka 1443, akazitangaza mwaka 1446. Zilikuwa 28, leo zatumika 24. Kilichonishangaza ni kwamba herufi nyingine zimechorwa kwa kufuata kinywa: ile ya m ni umbo la mdomo, na ile ya n ni ulimi uliogusa nyuma ya meno. Mimi niliyekalishwa mkekani nikifundishwa makharij ya herufi nilijiona nimerudi chuoni.

Kisha tukaja kwenye maamkizi. Rika husema "annyeong", lakini mkubwa huambiwa "annyeonghaseyo", na asili ya neno hilo ni amani na salama. Mkubwa hupewa kitu kwa mikono miwili. Na Mkorea, hata akiwa mtoto wa pekee, husema "mama yetu", kama sisi tusemavyo "kwetu" hata kwa nyumba ya mtu mmoja. "Mjomba," binti akasema, "nilidhani shikamoo ni mambo ya kizamani. Kumbe na wao wanayo yao."

Hata hivyo, hofu ya dada si ya bure. Tamthilia hukesha na watoto hadi Alfajiri ikawapita, na katika vyakula vya kule mna nguruwe, na mezani mna pombe. Binti mwenyewe aliniuliza kuhusu desturi yao ya kuwainamia wazee hadi chini siku ya mwaka mpya. Nikamjibu kuwa heshima kwa wazee ni wajibu, lakini kusujudu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Nikamweleza pia kwamba Seoul kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 1976. Kwa hiyo lugha hiyo nayo ina Waislamu wake.

Dada nikamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akajifunza kwa siku chache. Na katika Surat al-Rum, aya ya 22, tofauti za lugha za wanadamu zimehesabiwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu.

Asubuhi alikuja jirani, bibi wa Kikalenjin, na kibuyu cha mursik. "Chamgei," akasema kwa uso mkunjufu. Binti akajibu, "Mzuri, karibu." Bibi alipoondoka nikamuuliza, "Ahsante kwa lugha yake husemwaje?" Akanyamaza. Nikamtazama dada, ambaye amekaa pale miaka kumi na kuletewa maziwa miaka yote hiyo. Naye akainama.

Hapo ndipo nilipoona dosari yetu ilipo. Haikuwa katika Kikorea. Ni kwamba tumeweza kuvuka bahari kwa simu, na ua la jirani limetushinda. Eneo hili lilionja machungu baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, jirani akamwogopa jirani. Penye hofu kama ile, salamu kwa lugha ya mwenzako si jambo dogo.

Tulipatana hivi: binti aendelee na Kikorea, saa moja kwa siku, sebuleni, mama yake akiwa karibu. Na kwa kila neno la Kikorea, ajifunze neno moja kwa yule bibi, na mama yake pamoja naye.

Siku ya kuondoka kwangu bibi alikuja tena. Dada alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akasema, "Kongoi." Bibi alicheka, akamsahihisha matamshi, kisha akaketi. Siku zote huwa haketi.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kuunganisha. Wabillahi tawfiq.