SEHEMU YA 6: Kamba ya Krismasi iliyomuua paka wetu



Leo naanza na paka. Usipite, hata kama nyumbani kwako hakuna paka. Mwisho wa hadithi hii kuna mtoto wangu wa miaka saba na sindano za kichaa cha mbwa, na chanzo cha yote ni kamba ya kung'aa niliyoinunua mwenyewe sokoni.

Paka wetu aliitwa Chui. Tulimchukua kwa sababu ya panya. Mnaokaa Tabora na magunia ya mahindi na karanga ndani mnanielewa, mvua za Desemba zikianza panya wote wa shambani wanahamia kwako. Chui alifanya kazi hiyo vizuri, na watoto wakampenda kuliko sisi.

Mji wetu umependa vitu vya kung'aa tangu zamani. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitisha hapa shanga, vitambaa na nyaya za shaba. Siku hizi ni basi na treni, na Desemba ikifika sokoni unakuta maembe upande huu, na upande ule maputo, taa za kuwakawaka na zile kamba zenye manyoya ya plastiki ya fedha na dhahabu. Nikanunua mbili. Tukakata tawi la mvinje, tukalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, watoto wakapamba. Ilikuwa tarehe 22.

Chui aliona sherehe ni yake. Kamba ikicheza kwa upepo wa dirishani, naye anairukia. Tulicheka. Mume wangu akapiga na video.

Tarehe 25 akatapika. Nikasema amekula mifupa ya kuku. Tarehe 26 hakula, akajificha chini ya kabati la vyombo, anatoa mate. Bibi yao akasema, "Huyo amekula panya wa sumu." Nami, nesi mzima, nikasimama jikoni na kidonge cha Panadol mkononi, nataka kumsagia robo apunguze maumivu. Kilichonizuia ni kwamba hakufungua mdomo. Baadaye nikajua kwamba ningemuua kwa mkono wangu. Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamo. Hata kipande cha kidonge kinaharibu damu yake isibebe hewa. Jamani, dawa ya mtoto si dawa ya paka. Shikeni hilo hata mkisahau mengine yote.

Tarehe 27 asubuhi binti yangu akaingiza mkono chini ya kabati ili ambembeleze. Chui hajawahi kumng'ata mtu. Siku hiyo alimng'ata mkononi, damu ikatoka.

Hapo unesi ukanirudia. Nikampeleka bombani, tukaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa saa. Analia, mimi nahesabu. Kisha akaenda hospitali na baba yake, mimi nikamfunga Chui kwenye kapu nikaenda kwa daktari wa mifugo.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwanangu. Huyu ameng'ata mtu?"

Swali lake la kwanza lilikuwa hilo, kabla hajamgusa. Nikasema ndiyo, mtoto. "Amechanjwa kichaa?" Nikatazama chini. Mimi ninayewakumbusha akina mama kadi za kliniki, paka wangu hakuwa na chanjo hata moja.

Akavaa glavu nene, akamshika kichwa, akamfungua mdomo na kuunyanyua ulimi. Chini kabisa, kwenye shina la ulimi, uzi wa kamba yetu ulikuwa umezunguka na kukata nyama. Ncha ya pili ilikuwa imeshashuka tumboni.

Alinieleza hivi, na mimi nawaeleza ninyi. Paka akikulamba unahisi msasa. Ni miiba midogo midogo, yote imelala kuelekea kooni. Kitu chembamba kikishika pale, ni vigumu kukitema, anabaki kumeza tu. Sasa chukua kaptula ya mtoto yenye kamba kiunoni. Ukishika kamba na kusukuma kitambaa, kinajikunja mikunjo mikunjo. Utumbo wa paka unafanya hivyohivyo, unajivuta juu ya uzi uliokwama, na kila ukijivuta uzi unaukata kama waya. Siku ya kwanza au ya pili upasuaji unaweza kumwokoa. Sisi tulikuwa siku ya tatu, tumbo limeshakuwa gumu. Chui alikufa alfajiri ya tarehe 28.

Nilidhani msiba umeishia hapo. Kumbe kifo chake kilifunga mlango mwingine. Paka au mbwa akimng'ata mtu naye yuko hai, anaangaliwa siku kumi. Akibaki mzima, mtoto anaweza kusimamishiwa sindano. Sisi hatukuwa na paka wa kuangalia. Uzi tuliuona, lakini kutoa mate, kujificha na kung'ata ni dalili za kichaa pia, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, tiba hakuna. Hakuna mama wa kubahatisha hapo. Binti yangu alimaliza sindano zote kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Kila sindano aliniuliza swali moja: "Mama, Chui alikosa nini?" Chui hakukosa kitu. Niliyekosa ni mimi.

Basi chukueni haya, iwe Krismasi, Idd, kipaimara au birthday ya mtoto:

1. Kamba za manyoya ya kung'aa, riboni za zawadi, uzi wa maputo na uzi wa kufungia nyama visifikiwe na paka. Sherehe ikiisha, fagia siku hiyohiyo.

2. Ukiona uzi umening'inia mdomoni au nyuma kwa paka, USIVUTE. Unaweza kuukata utumbo kwa ndani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

3. Kutapika mara kwa mara, kutokula, kujificha, kutoa mate: usingoje sikukuu ipite. Mimi nilingoja.

4. Nyaya za taa zipite nyuma ya kabati, na uzizime ukilala. Paka mdogo hutafuna waya. Vipande vya puto lililopasuka viokoteni, vinakwama koo la paka na la mtoto pia.

5. Ukiletewa maua ya yungiyungi, yale meupe ya kanisani, usiyaweke nyumba yenye paka. Jani, unga wa ua, hata maji ya chombo vinaua figo zake. Vitunguu vya pilau na chokoleti navyo asipewe.

6. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usipake mafuta ya taa wala majivu, na usifunge kwa kitambaa.

7. Mchanjeni paka kichaa kama mnavyomchanja mbwa.

Siku hizi kwetu tunapamba kwa nyota za karatasi tulizokata wenyewe, zimegundishwa ukutani juu. Kuna paka mpya, amechanjwa, na cheti chake kinakaa bahasha moja na kadi za kliniki za watoto. Anazitazama zile nyota, anachoka, anarudi kulinda mahindi.

Sehemu ya 7 nitaongelea zile kadi za sikukuu zinazoimba, na betri ndogo iliyo ndani yake. Mwenye mtoto anayetambaa asikose.