Mama mdogo aliuliza kwa nini mlango ulifungwa

Simu ililia usiku katika nyumba moja ya Iowa, inchini Marekani. Kule kambini Nyarugusu, Tanzania, ilikuwa asubuhi, na mama mdogo ndiye aliyepiga. Jamaa yake ilikuwa imekwisha kupita mahojiano na vipimo vya hospitali, ikabaki kungoja tarehe ya ndege. Halafu Januari 2025, Rais Donald Trump akatia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi.

“Mtoto wangu, wewe unasoma mambo ya Wamarekani,” alimwambia binti ya dada yake. “Tueleze, kwa nini walifunga mlango? Tungoje, ao turudi Fizi?”

Binti huyo alizaliwa katika kambi hiyo hiyo, kisha wazazi wake waliokimbia vita vya Kivu Kusini wakapelekwa Marekani. Baba anakata nyama kiwandani. Mama anafagia ofisi usiku. Wote wawili walitaka asome uuguzi, lakini mwisho wa mwaka wa pili chuoni alichagua Masomo ya Marekani. Mama alikasirika. “Kusoma Wamarekani? Si tunakaa nao kila siku? Kazi hiyo inalipa ngapi?” Baba alinyamaza siku tatu.

Masomo hayo yalianza katika vyuo vya Yale na Harvard katika miaka ya 1930. Mwanafunzi hashiki somo moja peke yake. Anachukua swali juu ya jamii ya Wamarekani na kulitafutia jibu katika historia, sheria, vitabu, nyimbo na uchumi kwa pamoja. Swali la mama mdogo lilikuwa la namna hiyo.

Alianza na Wachina. Maelfu yao walijenga sehemu ngumu ya reli iliyounganisha mashariki na magharibi ya Marekani mwaka 1869. Mwaka 1882 sheria ikazuia wafanyakazi wa Kichina kuingia. Mwaka mmoja tu baadaye, 1883, Emma Lazarus akaandika shairi la kuwakaribisha maskini na waliochoka, ambalo leo liko kwenye Sanamu ya Uhuru, New York.

“Ukisoma shairi tu, mama mdogo, utasema hawa ni watu wa huruma. Ukisoma sheria tu, utasema wana roho mbaya. Lakini ni inchi moja, na wanabishana mpaka leo.”

Akaendelea. Sheria ya 1924 iliwapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi, ikawafungia wengi wengine. Mpango huo wa kupima watu kwa inchi walikotoka uliondolewa kwa sheria ya 1965. Sheria ya wakimbizi, iliyofungua njia ambayo jamaa nyingi za Wakongomani zilipitia, ni ya 1980.

“Na Kongo yetu, wanaijua?” aliuliza mama mdogo.

Binti akamweleza juu ya Shinkolobwe, kule Katanga. Wakati wa vita kuu ya pili, urani ya mgodi huo ilipelekwa Marekani, ikatumiwa katika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. “Mawe yetu yalivuka bahari. Hakuna aliyeyaambia yangoje kambini.”

Mama yake, aliyekuwa amekwisha kuvaa koti la kazi, akaketi kwenye kiti kusikiliza.

Swali la kwanza lilikuwa lingali pale. “Basi tungoje?”

“Tarehe siwezi kukupa, mama mdogo. Mlango huu umefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Lakini toka 1924 mpaka 1965 ni miaka 41. Msifungie maisha ya watoto katika ndege ambayo haijafika.”

Kimya kikawa kirefu, mpaka mama akafikiri simu imekatika. Kisha mama mdogo akasema kwamba bahasha ya karatasi za safari itabaki chini ya godoro, ndani ya nailoni yake, na Fizi watarudi siku bunduki zitakaponyamaza. Lakini binti yake mkubwa, aliyeacha kujifunza kushona kwa sababu “tunaondoka karibuni,” atarudi kwenye cherehani Jumatatu.

Mama alisimama, akachukua mfuko wake. Juu ya mshahara hakuuliza tena usiku huo. Aliuliza tu kama kitabu kinachoeleza habari ya Shinkolobwe kinapatikana kwa Kifaransa, ili baba akisome.