Barua kwa Dada Yake Babu

Mwanza, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea jana bandarini, imeviringishwa ndani ya gazeti lililofungia dagaa kutoka kwa mama. Umeianza kama tulivyofundishwa sote, kwamba huko hamjambo na mashaka ni juu yetu tulio mbali. Kisha ukurasa wa pili, kwa kalamu nyingine, ukaniuliza maswali matatu. Nimeyasoma nimesimama palepale penye wauza samaki, daladala mbili zikanipita. Nayajibu yote. Una miaka 15, na nimechoka kuona tunakwambia "mdogo wako anaendelea vizuri" halafu tunanong'ona ukitoka.

Umeuliza kama ni wewe uliyemsababishia mdogo wako Babu ugonjwa. Masika mlilala kitanda kimoja, chandarua kimechanika upande wake, nawe ulijua na hukukishona.

Sitakuficha: malaria imo katika kisa hiki. Ugonjwa wake ni saratani inayoitwa limfoma ya Burkitt, kwa jina la daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago kule Kampala, aliitwa kumtazama mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akamkuta mwingine Jinja, mwenye uvimbe uleule. Hakuridhika kuwapasua tu, akataka kujua wanatoka wapi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari maelfu ya kilomita katika nchi zetu hizi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Walikuta ugonjwa uko kwenye joto na mvua nyingi, penye mbu, na haupo kwenye milima yenye baridi. Sisi wa ziwani tumo katikati ya ramani yake.

Lakini si mbu mmoja, wala si usiku mmoja. Kuna kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 ndani ya chembe za uvimbe huohuo. Huku kwetu karibu kila mtoto hukipata kwa njia ya mate akiwa bado mdogo kabisa. Unacho wewe, ninacho mimi. Mtoto akirudiwa na malaria tena na tena tangu uchangani, kinga inayokituliza kirusi hicho hulegea, na siku moja chembe moja nyeupe ya damu hukosea katika kugawanyika, isijue tena kuacha. Kwa nini chembe ya Babu na si yako, hakuna anayeweza kukwambia. Tundu la chandarua cha masika moja halifanyi hivyo. Kishone, maana malaria ni malaria, ila usikishone kama mtu anayelipa deni.

Na kama ni kutafuta aliyekosa, nisikilize mimi. Fizi ilipoanza kuvimba mama yako alinipigia simu, nikamjibu, "Ni jino tu, wifi, ling'olewe." Likang'olewa kwenye zahanati moja. Baada ya wiki moja meno mengine mawili yakawa yanacheza, na shavu limejaa. Tukapewa dawa za usaha, zilipokwisha tukapewa nyingine. Huu ni uvimbe unaokua haraka kuliko karibu saratani zote za binadamu, unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na sisi tulikaa nao wiki tatu tukimsukutuisha maji ya chumvi. Mimi nafundisha Bayolojia, mwanangu. Nimemwomba mama yako msamaha hapa wodini. Alinishika mkono tu, akaendelea kumpepea mtoto. Jambo hilo ni langu, na nakusihi usijitwike la kwako ambalo halipo.

Swali la pili ni fupi. Ugonjwa huu hauambukizi. Jirani anayewazuia watoto wake kuja uani anaogopa, simlaumu, lakini mwambie hivyo kwa adabu. Kilichoniumiza katika barua yako ni kile kikombe cha bluu cha Babu. Umeandika kwamba bibi amekipandisha juu ya kabati, mbali na vyombo vingine, na kwamba wewe hukusema kitu.

Sasa la tatu. Umeandika neno moja tu: atapona?

Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 katika kila 10 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi kama zetu hawafiki 3. Nilimuuliza daktari kama ni kwa sababu ugonjwa wetu ni mkali zaidi, akatikisa kichwa. Watoto wetu wanachelewa kufika, wanatibiwa meno, dawa zinakosekana, au wanatolewa wodini kabla ya kumaliza. Wa Babu ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa sana. Hakuniahidi. Alisema tu kwamba tumalize, nami nikaona ni mtu mkweli.

Hata hivyo nataka ujue tulichokiona. Siku tatu baada ya dripu ya kwanza, lile shavu lililokuwa kubwa kuliko ngumi yangu lilianza kunywea. Siku ya tano jicho lililokuwa limezibwa likafunguka, akaniona, akasema, "Shangazi, umenona." Uvimbe ukiyeyuka upesi hivyo, taka zake zote hupita kwenye figo, na figo zinaweza kuziba. Ndiyo maana alitiwa maji mchana na usiku, na mama yako akawa anapima kila mkojo kwenye kikopo na kuandika kwenye daftari. Daftari lenyewe ni lako la Hisabati ulilolisahau kwenye mkoba wake. Upande mmoja ni milinganyo yako, upande wa pili ni mkojo wa Babu, kwa saa. Usiku wa manane nimemkuta anaufungua ule upande wako, anausoma, naye hesabu hajawahi kuzipenda. Usiniandikie tena kwamba amekusahau.

Dawa mojawapo asili yake ni ua la Madagaska, lile dogo la rangi ya waridi ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba. Nyingine ni ya njano na huchomwa mgongoni, kwenye maji ya uti wa mgongo, ili ugonjwa usikimbilie kichwani. Siku hiyo ni ngumu. Mama yako hutoka nje, hawezi. Mimi humshika, naye huniuma kidole, na mimi humwita "baba, baba", maana jina lake ni la baba yangu, nami sina jina jingine la kumwita. Nywele zimekwisha. Mdomoni ana vidonda na uji anaupokea kwa shida. Chembe zake nyeupe zimeshuka sana, hata mafua ya kawaida yanaweza kumlaza, na homa kidogo tu ni mbio kwa daktari. Ndiyo sababu hukuruhusiwa kuja likizo. Ulikuwa unakohoa. Tulipaswa kukueleza, hatukukueleza.

Amemaliza mzunguko wa pili wa dawa kati ya sita. Na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Kaka yangu alipomwona wiki iliyopita, uso umerudi, mtoto anacheka, alisema, "Amepona, turudi nyumbani." Ameuza injini ya mtumbwi, ana siku nyingi hajavua, na bibi anataka mjukuu akafanyiwe ya kwao. Namwelewa. Lakini chembe chache tu zikibaki, uvimbe unarudi, na ukirudi ni mgumu kuliko ulivyokuwa. Nilianza kukuandikia hapa umsomee bibi maneno haya kwa sauti. Nimeyakata. Si kazi yako kuwashawishi watu wazima. Nitavuka mwenyewe Jumamosi, nikae na mama na kaka yangu hata kuche.

Nikiwa huko tutakwenda pamoja ziwani, wewe na mimi tu, unieleze ya shule. Nataka kusikia kuhusu zile mbio ulizoshinda, ambazo umezitaja kwa mstari mmoja na kuziombea radhi. Mwanangu, shangilia. Nilimwambia Babu, akataka kujua kama ulikimbia na viatu au peku.

Naye amenituma. Anasema kikombe chake usikiache kikae bila kazi, kitaota vumbi. Kishushe leo, ukioshe pamoja na vingine, na kesho asubuhi ukinywee chai bibi akiwa amekaa hapo.

Shangazi yako akupendaye